Majitaka Yaliyoshinda Maji ya Kunywa

Wote mlioniandikia wiki iliyopita kunieleza kwamba mimi ni mjinga, nawashukuru, ila mmechelewa. Mke wangu aligundua hilo mwaka wa kwanza wa ndoa. Bosi wangu aligundua siku ya mahojiano, ndiyo sababu akaniajiri.

Kwa wewe uliyepewa gazeti hili likiwa limefungiwa nyama na umejikuta unasoma, jina langu ni Mbae. Kwetu ni Githongo, kwenye kahawa. Nafanya kazi katika mtambo wa kusafisha majitaka wa mji wa Kamurugu, ukiteremka kuelekea kwenye joto. Kamurugu hauna sifa nyingi, lakini kila anayeishi humo huenda choo, na kinachotoka huko hunifikia mimi.

Kazi yenyewe si ya ajabu. Majitaka huingia kwa bomba kuu, yakapita kwenye vyuma vya kuchuja, ambapo mimi huopoa kwa reki nguo za ndani, chupa za soda na vitambaa vya watoto. Kisha huenda bwawa la kwanza, uchafu ukatuama. Halafu la pili, halafu la tatu, halafu mtoni. Wanaosafisha hasa ni jua na vijidudu. Hao ndio wafanyakazi wenzangu, na hawajawahi kugoma wala kuomba likizo.

Waliopanga mtambo walipanga mabwawa manne. La nne ndilo lilikuwa la kumaliza kazi: maji yakae humo juani siku kadhaa, viini vya magonjwa vife. Lilichorwa vizuri sana. Liko kwenye ramani, liko kwenye kibao cha langoni, liko kwenye kibali chetu cha kumwaga maji mtoni. Mahali pekee ambapo halipo ni ardhini.

Kila Ijumaa mimi hujaza fomu ya ukaguzi. Bwawa la kwanza: mbaya, kwa sababu tope lake halijachotwa tangu lifunguliwe na sasa majani yanaota juu yake. La pili: wastani. La tatu: wastani, nikiwa mkarimu. La nne: nzuri. Nimeliandikia "nzuri" miaka mitatu mfululizo. Halinuki, halivuji, halina mbu. Laiti mabwawa yote yangekuwa na tabia ya lile la nne.

Wiki jana niliwaambia kibali kilivyokaribia kuisha, tukatakiwa kupeleka sampuli ya maji maabara, na kibali kikasema wazi kwamba sampuli ichukuliwe pale maji yanapotoka bwawa la nne. Nilimuuliza meneja wetu, Muchangi, nichote wapi. Muchangi ni mtu wa suti na kalamu mbili mfukoni. Aliniambia, "Wewe enda pale ramani inasema. Sisi hatuwezi vunja kibali."

Nikaenda pale ramani inasema. Ni kando ya ua, chini ya vichaka, kwenye mwamba unaotoa chemchemi ndogo ya maji baridi. Nikajaza chupa. Nikaandika kwenye lebo: mlango wa bwawa la nne. Nikatia sahihi. Nikaiweka kwenye kasha la barafu nikaipeleka Makutano, kule Meru, nikiwa nimeipakata.

Hapo ndipo niliwaacha. Sasa sikilizeni majibu.

Maabara ilisema maji yetu yalikuwa safi. Si safi kwa majitaka. Safi tu. Sampuli ya majitaka ya Kamurugu ilikuwa na viini vichache kuliko sampuli ya maji ya kunywa ya Kamurugu, iliyopelekwa wiki hiyo hiyo.

Mtu mwenye akili angesoma karatasi hiyo akauliza swali moja. Ofisi yetu ilisoma ikaagiza keki.

Aliyepata taabu ni Njura, mwenzangu anayesimamia maji ya kunywa upande wa juu wa mji. Aliitwa, akasimamishwa mbele ya watu, akaulizwa haoni aibu kushindwa na choo. Njura ni mtu mpole. Aliniomba nimwonyeshe tunafanyaje. Nilimwambia siri ni bidii. Mpaka leo sijui nitamtazamaje siku atakaposoma hili gazeti.

Mimi nilipewa cheti. Kina nembo, kina utepe wa dhahabu, na jina langu limeandikwa kwa herufi kubwa: Mtaalamu wa Ubora wa Maji. Kabla ya hapo cheo changu kilikuwa mhudumu wa mabwawa.

Na hapa ndipo naanza kukiri jambo ambalo sikukiri wiki jana.

Mke wangu Susan alijua kazi yangu ni ipi. Angekosaje kujua, naye ndiye hufua ovaroli langu. Lakini miaka saba tulikuwa tumekubaliana kimyakimya kutoitaja. Kanisani alisema mume wake yuko kampuni ya maji. Ovaroli alilianika nyuma ya nyumba, kando ya banda la kuku, ili majirani wasiulize.

Siku nilipoleta kile cheti alikisoma mara mbili akiwa amesimama. Halafu akakitundika sebuleni, mahali palipokuwa na picha ya harusi. Jumapili akasimama kutoa ushuhuda, akataja majitaka kwa jina, mbele ya pasta, akasema Mungu amemwinua mume wake kutoka bwawani. Jumatatu ovaroli langu lilianikwa mbele ya nyumba.

Mngekuwa nyinyi mngemwambia? Mimi sikumwambia. Nilifurahi, ndio ukweli wenyewe. Nilikuwa napita chini ya lile ovaroli kila jioni nikijiona mtu.

Furaha yenyewe ilidumu wiki tatu. Wapangaji wa miradi walisikia kwamba Kamurugu ina majitaka yaliyo safi kuliko maji ya kunywa, wakaona ni dhambi kuyamwaga mtoni wakati huku chini, upande wa Siakago, watu hawajaona mvua ya maana. Wakaitisha mkutano. Wakaamua maji ya bwawa la nne yateremshwe kwa bomba hadi kijiji cha Kanyuambo, wamama wanyunyizie mboga.

Katika mkutano huo niliinua mkono. Niliuliza kama haingekuwa vizuri tupime tena, mara ya pili, kwa uhakika. Muchangi alitabasamu. Wageni walipotoka kwenda kunywa chai, aliniita kando ya dirisha.

"Unataka kusema karatasi ni ya uongo?"

Nilimwambia nataka kusema hakuna bwawa la nne.

"Hiyo najua. Nilikuja hapa kabla yako." Aliongea polepole, bila hasira, akichezea kalamu. "Swali ni, sahihi iko kwa lebo ni ya nani? Iko yangu? Mimi nilikuambia ufuate ramani. Sikukuambia uandike ni bwawa la nne."

Nikawafuata wageni kwenye chai.

Mkandarasi alikuja na mabomba. Alitafuta mlango wa bwawa la nne siku nzima, akiwa na ramani mkononi, akipita na kurudi kwenye vile vichaka. Mwisho, kwa kuwa fundi ni mtu wa vitendo, akaunganisha bomba kwenye bwawa la tatu. Kule kijijini wakasimamisha kibao cha Kiingereza kinachosema maji ni ya shamba tu, si ya kunywa. Kibao kikaelekezwa barabarani, upande ambao viongozi watapita.

Msiniulize kama watu wa Kanyuambo wangeyanywa. Pale kijijini mwanamke hutoka na punda asubuhi akarudi adhuhuri na mitungi minne ya maji yenye chumvi. Ukimwekea bomba mlangoni, ukamwambia hili ni la sukuma wiki, si la mdomo wako, atakuitikia vizuri ndiyo, na atayanywa.

Kisha nikaonyeshwa orodha ya watakaofaidika. Kikundi cha kwanza kilikuwa cha wamama wa Kanyuambo. Mwenyekiti wake ana jina ambalo heshima inanizuia kuliandika hata gazetini. Ni mama mzazi wa Susan.

Niwaeleze wasiojua. Huku kwetu mkwe na mama wa mke wake ni watu wa kuheshimiana sana. Sikai naye meza moja. Siingii jikoni kwake. Tukiongea, kila mtu hutazama pembeni. Na kuna maneno ambayo siwezi kuyatamka akiwa anasikia. Kwa bahati mbaya, karibu kazi yangu yote imeundwa na maneno hayo.

Ndiyo sababu siku ya kupeleka mahari, msemaji wetu kutoka Githongo aliposimama kunieleza, alisema tu kwamba kijana anafanya kazi ya maji. Wazee wa Kimbeere, wa upande wa Susan, wakatikisa vichwa kwa furaha. Katika nchi kavu, mwenye kazi ya maji ni mtu wa kuozwa. Hakuna aliyeuliza ni maji gani, na sisi hatukuwa na haraka ya kueleza.

Kwa hiyo nikajaribu njia za ofisi. Najua mtacheka.

Ijumaa iliyofuata nilichukua fomu yangu ya ukaguzi, nikafika kwenye mstari wa bwawa la nne, na badala ya "nzuri" nikaandika: halipo. Nilihisi nimefanya jambo kubwa.

Fomu ilirudishwa Jumatatu ikiwa na maandishi ya kalamu nyekundu. Imejazwa vibaya, chagua moja: nzuri, wastani, mbaya.

Nikachagua "mbaya". Jumatano wakaletwa mafundi wawili wa ukarabati, na toroli na sururu. Walizunguka wakilitafuta. Niliwaonyesha mahali. Wakakaa kwenye ule mwamba, wakanywa maji ya chemchemi, wakala mkate, wakaandika "imekarabatiwa", wakaondoka. Rasmi, bwawa letu la nne sasa liko imara kuliko lilivyokuwa.

Nilijipa moyo kwamba bado kuna muda. Uzinduzi ulikuwa umepangwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, na kabla ya hapo ningepata namna. Wengi wenu mnanijua sasa. Mimi huwa napata namna wakati kitu kimeshaharibika.

Jumanne jioni nilikuwa nakula. Susan aliingia kutoka nje, simu bado iko sikioni, uso umejaa kicheko. Aliniambia maji yamefika kwa mama yake. Yalifunguliwa asubuhi hiyo, kwa majaribio, ili siku ya uzinduzi kusiwe na aibu. Mama anashukuru. Mama anasema hayana chumvi.

Niliuliza amejuaje hayana chumvi.

"Si ameonja," Susan akasema. "Hiyo ni swali gani?"

Wasomaji wangu, hapo ndipo nilipaswa kuweka kijiko chini na kusema. Mke wangu alikuwa amesimama mbele yangu, na mama yake alikuwa ametoka kuonja bwawa la tatu. Maneno yalikuwa manne tu: mwambie asinywe tena maji hayo. Ona, hata kuhesabu siwezi.

Nilisema, "Hiyo ni habari njema." Nikaomba nyongeza ya mboga.

Sikulala vizuri. Asubuhi nilimngoja Hersi.

Hersi ni Msomali wa Maua mwenye lori la kunyonya vyoo. Kila siku huleta mtamboni mzigo wa mashimo ya Kamurugu yote, shule, hoteli na nyumba za kupangisha, akaumwaga kwangu. Ndiye mtu pekee aliyeniona nikijaza ile chupa kwenye mwamba. Alipiga honi tu, mara moja, akapita.

Nilimweleza yote. Nilimwomba twende Kanyuambo, awe msemaji wangu. Alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Mimi niende niseme nini? Huyo si mama mkwe wangu."

"Ndiyo sababu. Wewe huna heshima naye."

"Asante, Mbae."

Kisha akanipa masharti yake. Neno la choo atalisema yeye, kwa sababu ni kazi yake na hana aibu nayo. Watoto wake watano wanasoma kwa hiyo kazi. Lakini neno la ile sahihi ya kwenye lebo ni langu. "Hiyo sitakubebea," akasema. "Nitafungua mlango, wewe utaingia na miguu yako."

Nikakubali. Ningekubali lolote.

Tulienda Alhamisi baada ya adhuhuri, kwa pikapu ya kaka yake, maana nilikataa katakata kufika ukweni kwa lile lori. Siakago tulisimama dukani nikanunua sukari, majani ya chai, unga na mkate. Hersi alinitazama nikipakia. Aliuliza kama nimekuja kuokoa watu au kuposa tena. Nilimwambia huwezi kufika kwa mama mkwe mikono mitupu, hata ukiwa umemtilia sumu.

Njiani nilifanya mazoezi. Nilitafuta neno la heshima la kila kitu. Nilikuwa na "uchafu wa mji", nilikuwa na "yale yanayotoka majumbani", nilikuwa na "mambo ya nyuma ya nyumba". Hersi aliniambia nikiendelea hivyo mama wa watu atadhani nimekuja kununua kuku.

Bomba tuliliona kabla ya nyumba. Lilikuwa limesimama kando ya ua, jipya, limejengewa saruji, na chini yake ardhi ilikuwa imelowa rangi ya kahawia iliyokolea ambayo haijaonekana kule Kanyuambo miaka mingi. Wamama watatu walikuwa wamekaa kivulini na mitungi mitupu. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Walipotuona walinong'onezana, wakakaa wima.

Mama alitoka. Ni mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini. Alituwekea viti viwili chini ya paa la mbele, naye akaketi kwenye kigoda mbali kidogo, ametazama shambani kama desturi inavyotaka. Salamu zikachukua muda wake. Akauliza hali ya Githongo, ya kahawa, ya Susan, ya watoto. Akamuuliza Hersi hali ya Maua na ya ngamia. Hersi akamwambia yeye hajawahi kumiliki ngamia, ila wako salama.

Kisha Hersi akakohoa. Akasema tumekuja kwa jambo moja, na ni jambo gumu, linahusu haya maji na mahali yanapotoka.

"Kwa choo," Mama akasema.

Nilitazama miguu yangu.

"Hiyo tunajua," akaendelea, akiongea na Hersi lakini akitaka mimi nisikie. "Meneja alikuja hapa mwenyewe, ile mwenye kalamu mbili. Alituambia ilikuwa ya choo ya Kamurugu, ikapita kwa mabwawa nne, ikakuwa safi. Hatukukataa. Hata samadi ni ya ng'ombe na tunakula mahindi yake."

Miaka saba nimekimbia neno hilo. Nimezunguka sentensi, nimetuma wasemaji, nimeacha ovaroli lianikwe kando ya banda la kuku. Yeye alilitoa mdomoni kama mtu anayetaja chumvi. Ningekuwa mwenye akili ningeona kwamba kizuizi changu chote kimeondoka, na kilichobaki ni lile neno langu tu, dogo, la sahihi.

Lakini Mama alikuwa hajamaliza.

Alieleza jinsi maji yalivyofunguliwa Jumanne na wamama wakaogopa. Wengine walisema yananuka kama boma la ng'ombe. Wengine walisema yana rangi. Wakataka kuyaacha, warudi kwa punda. Naye, mwenyekiti wao, akasimama.

"Nikawaambia, nyinyi mnajua nani alipima hii maji? Ni mkwe wangu. Ni bwana ya Susan. Ako na cheti kwa ukuta, Susan alinitumia picha kwa simu. Nikawaambia kama ni mkono ya Mbae iliandika, mimi nakunywa wa kwanza." Alionyesha kwa mkono pale bombani. "Nikakunywa kikombe mbili, wakiona."

Hersi alisema kwa Kisomali neno ambalo sikulielewa na sikuhitaji kulielewa.

"Wengi wakachota," Mama akasema. "Nyumba kama thelathini sasa. Hawa watatu ndio wamekataa. Jirani yao ako na watoto wawili wanahara tangu jana. Mimi nawaambia ni maembe, hii ni msimu ya maembe. Wanasema hapana, mpaka huyo mkwe wako akuje tumsikie. Na sasa amekuja bila kuitwa." Alicheka kidogo. "Ni Mungu."

Wale wamama watatu walikuwa wameinuka. Walisogea hadi kwenye kona ya nyumba, mitungi mikononi, wakasimama hapo kwa adabu.

Hersi aliniinulia nyusi. Mlango ulikuwa wazi hadi nikaona nyuma ya nyumba.

"Mama," Hersi akasema, "mimi ni dereva tu. Muulize yeye mwenyewe."

Basi Mama akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimuoe binti yake. Aligeuka kwenye kile kigoda akanitazama usoni. Sikuwa najua macho yake yanafanana na ya Susan. Hayakuwa na shaka yoyote, na hilo ndilo lililoniua. Kama angenitazama kwa hasira ningesema ukweli wote na ziada. Nimezoea kutazamwa kwa hasira. Hakuna mtu ukweni, wala kwetu, wala kazini, aliyewahi kunitazama hivyo, kama mtu ambaye neno lake likisemwa limetosha.

"Mkwe," akasema, "ulipima ama hukupima?"

Nilikuwa nimesafiri mchana mzima kwa jibu hilo. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi kutoka Kamurugu hadi pale. Nilifungua mdomo.

"Nilipima, Mama."

Hivyo tu. Mnaweza kuniandikia tena.

Mama alivuta pumzi. Aliwageukia wale wamama. "Si mmesikia na masikio yenu?" Walikuwa wamesikia. Wa kwanza tayari alikuwa ameshafika bombani, mtungi chini, na maji yakaanza kuingia kwa kelele. Yule mwenye mtoto mgongoni alikinga kiganja, akajinawisha uso, kisha akamlowesha mtoto kichwani kwa sababu ya jua. Mtoto akacheka, akautafuta ule mkono kwa mdomo.

Niliona yote. Niliona na nikabaki nimekaa kwenye kiti cha wageni, na sukari yangu miguuni.

Mama aliingia ndani akatoka na kikombe cha bati. Alikijaza bombani kabla ya chai kuchemka, maana mgeni wa mbali hupewa maji kwanza, akamletea Hersi kwa mikono miwili.

Hersi alikipokea kwa mikono miwili. Alitazama ndani. Hakuna mtu katika nchi hii anayejua zaidi yake kilichomo kwenye kikombe hicho. Nusu yake ameileta yeye kwa lori. Akanitazama mimi, na sikuona hasira usoni mwake. Aliona tu kwamba mlango haukutosha, na itabidi anisukume.

"Mama, nisamehe," akasema. "Kwetu mgeni hawezi kunywa kabla ya mtu wa nyumba. Na hapa mtu wa nyumba ni huyu, aliyepima. Akianza, nitamaliza."

Mama alikubali kwamba hilo ni jambo la heshima. Hangeweza kunipa kikombe yeye kwa mkono wake, kwa hiyo Hersi akanipa. Alikiweka kwenye viganja vyangu, akavifunga vidole vyangu juu yake kimoja kimoja, akarudi kuketi.

Kilikuwa kimejaa hadi ukingoni. Hakikunuka sana.

Pale bombani kelele ilikuwa imekoma. Wamama walikuwa wamefunga maji kwa adabu, mtungi wa kwanza ukiwa umefika nusu, wakageuka wote watatu kutazama.

"Kunywa, mkwe," Mama akasema taratibu. "Wanakungoja wewe."